Chomoa waya: namna hifadhidata ilifika kwenye mashini zetu ndogo



Nianze na maharagi. Kwa mémoire yangu ya licence nilikuwa na parcelle 48: aina 12 za maharagi ya kupanda juu ya miti, kila aina mara 4. Msimu mzima nilihesabu maganda, nikapima mbegu kwa mizani ya kukopa, na jioni niliingiza kila kitu ndani ya faili moja ya tableur. Mashini yangu ilikuwa ya mkono wa pili. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo iliishi tu kwenye waya. Siku moja kabla ya kupelekea directeur matokeo, nikiwa katikati ya ku-enregistrer, délestage ikapita. Umeme uliporudi, faili ilikataa kufunguka. Ile copy yangu kwenye clé ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Yaya wangu alikuwa pale mlangoni.

"Ulisha enregistrer?"

"Nilikuwa nafanya vile, yaya. Njo wakati umeme ilienda."

"Bon, pima tena maharagi."

Maharagi tulishakula. Data ya shamba si kama hesabu ya darasani ambayo unaweza kurudilia usiku. Msimu ukipita umepita. Nilitetea mémoire yangu na parcelle 31 tu, na mpaka leo nikisikia mtu anasema "data iko ndani ya mashini", mimi najiuliza: mashini yenyewe imekubali? Ikisema "nimeshika", inamaanisha nini hasa?

Kwa kutafuta jibu niliingia kwenye historia ya programu za hifadhidata, yaani ile tunaita base de données. Mimi si mtu wa informatique, mimi ni wa agronomie. Lakini historia hii inatuhusu sisi kuliko tunavyofikiri, juu sehemu yake kubwa ni historia ya watu waliojiuliza: umeme ukienda saa hii, nini kitabaki?

Mwanzo wake ni mashini kubwa, zenye kujaza chumba. Miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa wanajenga roketi ya Saturn V kwa kwenda mwezini, na roketi hiyo ilikuwa na mamilioni ya vipande. Nani anajua kipande gani kiko ndani ya kipande gani? IBM pamoja na kampuni za Rockwell na Caterpillar walitengeneza programu iliyoitwa IMS kwa kufuata orodha hiyo. Agosti 1968, kule Downey, California, kwenye terminal ya Rockwell, IMS iliandika kwa mara ya kwanza kwamba iko tayari. Ilipanga data kama mti: roketi ina sehemu, sehemu ina vipande, kipande kina skrubu. Ukitaka kitu, unashuka tawi kwa tawi.

Mti ni mzuri kama swali lako linafuata matawi. Chukueni herbarium ya Yangambi, ile iliyoanzishwa wakati wa INEAC (INEAC yenyewe ilizaliwa 1933). Karatasi za mimea zinapangwa kabatini kwa familia, ndani ya familia kwa genre, ndani ya genre kwa espèce. Ukiuliza "nionyeshe mimea ya genre hii", dakika moja inatosha. Ila ukiuliza "nionyeshe kila kitu kilichokusanywa upande wa Ituri", itabidi ufungue makabati yote, moja kwa moja, mpaka jioni.

Mtu aliyeona ubaya huo ni Edgar Codd, Mwingereza aliyerusha ndege za kijeshi wakati wa vita ya pili ya dunia, kisha akaenda kufanya kazi IBM kule San Jose. Juni 1970 alichapisha makala yenye wazo ambalo leo linaonekana rahisi sana: acha mti, weka data ndani ya majedwali. Jedwali moja la karatasi za mimea, jingine la mahali, jingine la wakusanyaji, na namba ndizo zinaunganisha. Tena, wewe useme tu unataka nini, njia ya kukifikia mashini itajitafutia. Njo hiyo tunaita modèle relationnel, na wengi wetu tuliipita haraka kwenye cours bila kuuliza ilitoka wapi.

Bosi wake mwenyewe hakukimbilia wazo hilo, juu IMS ilikuwa inaingiza pesa. Mambo mawili yalisaidia. Ndani ya IBM, kikundi cha System R kilianza kujenga wazo la Codd, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha ya kuulizia, SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa SQL juu jina la kwanza lilikuwa na mwenyewe. Boyce alikufa mwaka huohuo, bado kijana. Upande wa pili, kule Université ya Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walijenga mfumo wao, Ingres, na wanafunzi wao. Mwaka 1979 kampuni ndogo ya Larry Ellison na wenzake ikatangulia IBM sokoni na Oracle. Waliiita toleo la 2, ijapokuwa toleo la 1 halikuuzwa kamwe. Ni nani angenunua kitu cha kwanza-kwanza?

Hapa sasa ndipo swali langu la maharagi linaingia. Ndani ya System R alikuwepo Jim Gray. Yeye hakushughulika sana na namna ya kuuliza data, alishughulika na namna ya kutoipoteza. Fikiria unatuma pesa kwa simu kwa mama yako kijijini. Kuna mambo mawili: pesa itoke kwako, pesa iingie kwake. Umeme ukienda katikati, pesa imetoka na haijaingia. Nani atalipa? Gray na wenzake walisema mambo hayo mawili yafungwe pamoja kama muamala mmoja: yote yafanyike, au hakuna hata moja. Na mashini ikisha kujibu neno COMMIT, yaani "nimekubali, imekwisha", basi hata nyumba nzima ikikosa umeme sekunde ileile, jambo lile halirudi nyuma.

Wanafanyaje? Kwa kaye ya brouillon. Munamjua mama muuza duka mwenye kaye mbili: ile kubwa ya madeni, iliyopangwa vizuri kwa majina, na ile ndogo ya brouillon ambayo iko daima mkononi. Mteja akikopa, mama anaandika kwanza kwenye brouillon, mstari mmoja, haraka. Jioni ndiyo anahamisha kwenye kaye kubwa. Mtoto akimwaga maji juu ya kaye kubwa wakati wa kuhamisha, hakuna hasara: anarudia kutoka brouillon. Hifadhidata nayo iko na brouillon yake, wanaiita jurnali. Kila badiliko linaandikwa kwanza kwenye jurnali mpaka kwenye diski kabisa, kisha mashini inajibu COMMIT, kisha pole pole inapanga majedwali. Mashini ikiamka baada ya kuzimika vibaya, inasoma jurnali na kurudilia yaliyokatika. Gray alipata tuzo la Turing mwaka 1998 kwa kazi hiyo. Januari 2007 alitoka peke yake na mashua yake San Francisco, na hakuonekana tena.

Kwa hiyo tayari miaka ya 1970 jibu lilikuwepo. Lakini lilikuwepo kwenye mashini za benki na za majeshi, ndani ya vyumba vyenye jenereta na mafundi wa usiku na mchana. Yaani jibu la coupure ya umeme walikuwa nalo watu ambao umeme wao haukatiki.

Mashini ndogo zilipata kitu kingine. Wayne Ratliff alikuwa mfanyakazi wa maabara ya JPL kule Pasadena, wale wa vyombo vya anga. Alitaka kushinda mchezo wa kubahatisha matokeo ya football ya Kimarekani ofisini kwao, na magazeti yenye matokeo yakamjaa nyumbani. Alikuwa na kompyuta ya IMSAI 8080 aliyoiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, basi mwaka 1978 akaanza kuiandikia programu ya hifadhidata akiiita Vulcan. Baadaye wafanyabiashara wawili, George Tate na Hal Lashlee, waliichukua na kuiuza kwa jina la dBASE II. dBASE I haikuwepo, ni ujanja uleule wa Ellison. Kampuni waliiita Ashton-Tate, na huyo Ashton naye hakuwepo.

Kitu kimoja walichofanya nakipenda. dBASE II iliuzwa dola 695, pesa nyingi sana kwa wakati ule. Ndani ya boksi ulipata diski mbili: moja ya programu iliyopunguzwa nguvu, ya kujaribia, na nyingine kamili iliyofungwa kwa plastiki. Unaweka ile ya kwanza kwenye mashini yako, unajaribu na data yako mwenyewe. Haikufai? Unarudisha ile ya pili ikiwa bado imefungwa, ndani ya siku 30, na wanakurudishia pesa. Yaani walikubali kwamba mnunuzi apime kabla ya kuamini.

Ila kulikuwa na shimo. Faili ya dBASE iko na kichwa, na kwenye kichwa kuna namba inayosema faili ina mistari mingapi. Namba hiyo ilisahihishwa faili inapofungwa. Sasa uingize mistari 200 toka asubuhi, umeme uende kabla hujafunga: mistari iliweza kuwa imeshaandikwa kwenye diski, lakini kichwa bado kinasema namba ya jana. Programu inaamini kichwa. Ni kama magunia yako stoo lakini fiche ya stock inasema sifuri, na mkubwa wa stoo anasoma fiche tu. Hakuna jurnali, hakuna brouillon. Urahisi ulishuka kwenye mashini ndogo, ahadi ya Gray ilibaki kule juu.

Na haikushuka haraka. Mwaka 1992 Microsoft ilitoa Access, yenye madirisha na formulaires nzuri, na mpaka leo utaikuta kwenye ofisi za miradi mingi. Mwaka 1995 ikaja MySQL ya Michael Widenius, jina la My likiwa la binti yake. Wale wa informatique munaijua kupitia WampServer, ile ya Wafaransa, unabofya mara tatu na kila kitu kimefungwa. Lakini kwa miaka mingi MySQL iliweka majedwali kwa namna iliyoitwa MyISAM, isiyokuwa na muamala. Umeme ukikatika vibaya, kesho yake unakuta ujumbe kwamba jedwali limeanguka na linahitaji kutengenezwa. InnoDB ya Mfini Heikki Tuuri ilikuja kuleta muamala mwaka 2001, ila ni toleo la 5.5 tu, mwaka 2010, lililoifanya kuwa njia ya kawaida. Hesabuni wenyewe: toka System R mpaka hapo ni zaidi ya miaka 30.

Wakati huo Stonebraker alikuwa ameacha Ingres na kuanza nyingine mwaka 1986, Postgres, yaani "baada ya Ingres". Université ilipochoka nayo, wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliiwekea SQL. Mwaka 1996 ikabaki bila mwenyewe. Wakaichukua watu wa kujitolea waliokuwa hawajaonana uso kwa uso: mmoja Toronto aliyetoa serveur, mmoja Philadelphia, mmoja Pasadena, na mmoja Krasnoyarsk, ndani kabisa ya Siberia. Huyo wa Siberia anaitwa Vadim Mikheev. Ni yeye aliyeiwekea PostgreSQL jurnali yake, ilitoka na toleo la 7.1 mwaka 2001. Nilipolisoma hilo nilifurahi peke yangu kama mjinga. Krasnoyarsk si Silicon Valley.

Bado ilitaka Unix au Linux. Kwa mtu wa Windows, kuifunga ilikuwa mateso ya kupitia programu nyingine ya katikati. Januari 2005, toleo la 8.0, ndipo ikaja na installeur ya Windows kamili. Kwa mimi tarehe hiyo ni kubwa kama 1970: jurnali ya Gray sasa inaweza kukaa kwenye mashini ya mwanafunzi, bure.

Njia nyingine ilitoka kwenye meli. Mwaka 2000 Richard Hipp alikuwa anaandika programu kwa meli ya kivita ya Marekani, kazi ya kampuni ya General Dynamics. Programu yake ilitegemea serveur ya hifadhidata, na serveur ikilala, skrini ya mabaharia inasema tu kwamba haiwezi kuunganishwa. Lawama kwake, ingawa kosa si lake. Akajiuliza: kwa nini nahitaji serveur? Akatengeneza SQLite, hifadhidata nzima ndani ya faili moja, bila serveur, bila mot de passe, bila kitu cha kufunga. Ipo kwenye kila simu ya Android. Munaofanya enquête na KoboCollect, hata kule milimani bila réseau, ni SQLite inayosaidia simu yenu kushika orodha ya formulaires.

Na Hipp alichukulia kupima kama kazi yenyewe. Kodi za kupima SQLite ni mara mamia kuliko kodi za SQLite yenyewe. Kati ya majaribio hayo kuna yale ya kuiga coupure: programu inakatwa katikati ya kuandika, diski inaharibiwa makusudi, kisha wanaangalia kama faili inaamka na ukweli wake.

Kupima hakukuwa daima jambo la amani. Mwaka 1983 David DeWitt wa Université ya Wisconsin na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha hifadhidata mbalimbali kwa kasi, na Oracle haikutoka vizuri. Ellison alikasirika. Baada ya hapo Oracle ikaweka kwenye mkataba wake sharti kwamba mtumiaji haruhusiwi kutangaza matokeo ya vipimo bila ruhusa, na kampuni nyingine zikaiga. Wanaliita mpaka leo sharti la DeWitt. Sisi wa agronomie tufikirie muuza mbegu anayekukataza kusema shamba lako lilitoa kilo ngapi!

Basi nilipoanza kusaidia coopérative moja ya kahawa kuandika kilo za wanachama, niliamua nisiamini mtu kwa jina. Pale mama analeta kikapu cha kahawa nyekundu, tunapima, anapewa kipande cha karatasi, na malipo yanakuja baadaye kulingana na kilichoandikwa. Msimu wa kwanza tuliandika kwenye tableur, na kosa lilikuwa langu: kulikuwa na siku mbili ambazo karatasi za wamama na faili yangu hazikupatana. Mama mmoja alinyoosha karatasi yake ya kilo 34 mbele ya watu na kuniuliza, "Mtoto wangu, mashini yako inanikatala?" Tulimlipa kwa karatasi. Lakini wale waliopoteza karatasi tuliwalipa kwa kukumbuka tu.

Kufunga PostgreSQL ilinigharimu kwanza mega: installeur iko mamia ya megabaiti, niliishusha usiku kwa forfait ya bei ya chini, mara mbili juu mara ya kwanza ilikatika. SQLite, kwa kulinganisha, inashuka kabla hujamaliza chai. Nilichagua PostgreSQL juu tuko na mashini mbili zinazoandika kwa pamoja, kama ingekuwa moja ningebaki na SQLite. Installeur inakuomba mot de passe ya mtumiaji anayeitwa postgres. Iandikeni mahali. Kila mtu ninayemjua aliyeifunga aliisahau na kuanza upya. Halafu namba ya mlango, 5432, muiache vile ilivyo. Mashini yenye RAM ya giga 2 inaibeba bila shida kwa kazi ya kilo za kahawa.

Kisha nikachukua ile mashini yangu ya zamani yenye betri iliyokufa. Nilifikiri haina faida tena, kumbe kwa kupima hii ni bora kuliko mpya: ukichomoa waya, inazimika palepale. Niliandika programu ndogo ya Python. Inaingiza mstari mmoja wenye namba, inangoja COMMIT, inaingiza unaofuata, na kila baada ya mia inaandika namba kwenye skrini. Mdogo wangu anafilmer skrini kwa simu. Mimi nachomoa waya. Tunawasha tena, tunaangalia video kuona namba ya mwisho iliyotangazwa, halafu tunauliza jedwali: namba yako kubwa ni ngapi?

Mara ya kwanza video ilionyesha 21 300. Mashini ikaamka, jurnali ya PostgreSQL ikasema mfumo haukuzimwa vizuri na inaanza kujiponya, nami nikatabasamu. Jedwali likasema 21 118.

Tulirudia. Tofauti tena. Mistari karibu mia mbili ambayo mashini iliapa kuwa imeishika, haipo.

Usiku ule nilikasirikia Gray, Stonebraker na yule wa Siberia wote kwa pamoja. Mpaka nilipofanya hesabu ya diski. Diski yangu ni ile ya kuzunguka, mizunguko 5 400 kwa dakika, yaani 90 kwa sekunde. Programu inayongoja kila mstari ufike kweli kwenye sahani haiwezi kupita sana mizunguko hiyo, juu kwa kila COMMIT inabidi kungoja mahali pale parudi chini ya kichwa cha kuandikia. Yangu ilikuwa inapitisha mistari zaidi ya 1 000 kwa sekunde. Haiwezekani. Kuna mtu alikuwa anadanganya, na hakuwa PostgreSQL. Ilikuwa diski: inapokea data kwenye kumbukumbu yake ndogo, inajibu "nimeandika", kisha inaandika baadaye. Maelezo ya PostgreSQL yenyewe yanaonya juu ya jambo hilo kwenye Windows, yapo pale wazi, mimi sikuyasoma. Unabadilisha mstari mmoja kwenye faili ya postgresql.conf, wal_sync_method, kutoka open_datasync kwenda fsync_writethrough, au unazima cache ya kuandika ya diski kwenye Windows.

Nilibadilisha, nikawasha upya. Kasi ikaanguka mpaka mistari 40 hivi kwa sekunde. Mdogo wangu akasema tumeiharibu. Tukachomoa waya mara 10. Sasa, kwa vile ni pole, skrini inatangaza kila baada ya kumi. Video 1 640, jedwali 1 647. Video 910, jedwali 913. Mara zote kumi jedwali lilikuwa sawa na video au mbele yake kidogo, hata mara moja halikuwa nyuma. Na mistari 40 kwa sekunde, kwa coopérative ambayo mama mmoja anapimiwa kwa dakika mbili, ni mwendo wa ndege.

Musifikiri kwamba ni diski zetu za mkono wa pili tu ndizo zinadanganya. Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux, diski ikishindwa kuandika, mfumo uliweza kutoa taarifa ya kosa mara moja tu, halafu ukiuliza tena unajibiwa kwamba kila kitu ni sawa. Kwa karibu miaka 20 programu yao ilikuwa inauliza mara ya pili na kuamini. Tangu matoleo ya mwaka 2019, ikipata kosa hilo inajizima yenyewe makusudi na kurudilia jurnali. Wataalamu wa dunia nzima, miaka 20, na kosa limelala pale.

Kahawa ya msimu huu imeanza kuiva. Coopérative imepata mashini nyingine, bado ya mkono wa pili, yenye diski ya SSD na betri inayoshika saa mbili. Wote wamefurahi juu ya betri. Mimi bado sijaandika ndani yake hata kilo moja. SSD nayo iko na kumbukumbu yake ya ndani, na betri inaficha coupure mpaka siku itakapochoka. Jumamosi mdogo wangu anakuja na simu yake. Tutafungua skrubu za chini, tutoe betri, tuweke programu ile ya kuhesabu, kisha nichomoe waya.